Kasi imeshuka bei

Kampala imekaa vilimani, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli inalijua hilo kuliko dereva wake. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo, ile feni ya kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo Mercedes C63 ile ya zamani, yenye injini ya V8 (silinda nane) ya lita 6.2 na nguvu farasi 457 kwenye makaratasi, ikifika hapa inabaki na kama 400. Mwenyewe hana habari. Amelipia 457, anasikia mngurumo, roho yake imetulia.

Gari la umeme halipumui. Mota haijui kama iko ufukweni Mombasa au milimani Kabale.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yetu iko Ndeeba, hapahapa Kampala, na wateja wenye magari ya bei kali siku hizi wananiuliza swali moja: haya magari ya raha na mbio yataisha? Nawajibu kwamba hayaishi leo wala kesho, ila ile bidhaa yaliyokuwa yakiuza imeshuka bei. Bidhaa yenyewe ni kasi.

Ukikanyaga petroli kuna kazi nyingi kabla gari halijaruka: hewa iingie, mafuta yapulizwe, plagi iwake, turbo ijae upepo, gia ishuke. Mota ya umeme inatoa msukumo wake wote tairi likiwa bado limesimama. Wala si ugunduzi wa juzi. Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme, La Jamais Contente ya Mbelgiji Camille Jenatzy, nje ya Paris, Aprili 1899. Mwaka uliofuata Charles Rolls, kabla hajakutana na Royce, alilisifu gari la umeme kwa kukosa kelele na harufu, akasema litafaa sana siku vituo vya kuchajia vitakapokuwepo. Kampuni yenye jina lake ilianza kuwakabidhi wateja Spectre, gari lake la kwanza la umeme la kuuzwa, mwaka 2023. Wateja wa Rolls-Royce hawajawahi kuwa watu wa haraka.

Sasa angalia bei. Mwaka 2005, ili Bugatti Veyron ifikishe nguvu farasi 1,001, wahandisi waliweka silinda 16, turbo 4 na rejeta 10. Rejeta kumi! Ukilifungua gari kama lile unaona pesa ilikokwenda. Miaka 20 baadaye Xiaomi, kampuni ileile ambayo simu zake zinauzwa katika kila arkedi ya maduka katikati ya mji hapa, imetoa SU7 Ultra yenye mota 3 na nguvu farasi 1,548, ikaiuza China kwa yuan 529,900. Juni 2025 ilizunguka Nürburgring, njia ya mbio ya Ujerumani, kilomita karibu 21 za kona, kwa dakika 7 na sekunde 4.957, ikaipita Porsche Taycan Turbo GT ambayo bei yake ni zaidi ya mara mbili. Septemba mwaka huohuo Yangwang U9 Xtreme, ya BYD, kampuni nyingine ya China, ikafika kilomita 496.22 kwa saa huko Ujerumani, nyumbani kwa Porsche.

Majumba makubwa ya magari yalikuwa yameshaanza kuyumba. Mercedes-AMG, tawi la magari ya mbio la Mercedes, waliondoa V8 kwenye C63 ya 2022, wakaweka injini ya lita 2 yenye silinda 4 pamoja na mota ya umeme. Nguvu ikapanda hadi farasi 680. Kwa hesabu, ni gari bora. Wateja wakanuna. Walikuwa wamezoea kununua sauti na utetemekaji wa usukani, wakapewa jedwali la takwimu, na uzito wa zaidi ya tani mbili juu yake.

Anayenifurahisha zaidi ni Mate Rimac. Huyu Mkroatia alijitengenezea jina kwa umeme mtupu, na Nevera yake ina nguvu farasi 1,914. Alipokabidhiwa Bugatti, watu walidhani tutaona betri tu. Juni 2024 akafunua Tourbillon: injini ya V16 isiyo na turbo hata moja, mota za umeme pembeni kama wasaidizi, na saa za dashibodi zilizoundwa na mafundi wa saa wa Uswisi. Mtu anayejua umeme kuliko wengi duniani amewauzia matajiri vyuma vinavyozunguka, maana anajua kwamba mota nzuri hata kampuni ya simu itakuuzia. Ferrari nao, Oktoba 2025, walionyesha matumbo ya gari lao la kwanza la umeme, mota 4 na betri ya kilowati-saa 122, na siku hizohizo wakapunguza lengo lao: magari ya umeme mtupu yatakuwa asilimia 20 ya aina zao ifikapo 2030, badala ya 40. Lamborghini nao waliiahirisha Lanzador, iliyokusudiwa kuwa gari lao la kwanza la umeme mtupu. Mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Suala la sauti niliwahi kulicheka. Hyundai Ioniq 5 N ina gia za kuigiza: hakuna gia ya kubadilisha ndani, lakini gari linashtuka na kunguruma kana kwamba umebadilisha. Nikasema haya ni maigizo ya watoto. Baadaye mteja mmoja akanipakia kwenye gari lake la umeme kwenye barabara ya kulipia ya Entebbe, ambapo mwisho ni kilomita 100 kwa saa, na nilipotupia macho kibao tulikuwa tumeshapita, bila sikio langu kuniambia chochote. Kumbe dereva husoma mwendo kwa masikio na makalio kabla ya macho. Ndiyo maana dawa ya Ferrari imenivutia: wameweka kihisio kwenye ekseli ya nyuma kinachonasa mtetemo halisi wa mota na gia zake, kisha wanaukuza, kama gitaa la umeme linavyofanya na nyuzi zake. Sauti ni ya gari lenyewe, haikutoka kwenye faili. Vijana wa Subaru wa huku, wanaopasua ekzosi usiku mpaka mbwa wa mtaa mzima wabweke, hawatakubali, lakini hao sina la kuwaambia.

Kinachonisumbua kama fundi ni uzito. Lita moja ya petroli ina nishati kama kilowati-saa 9. Betri kubwa ya Taycan ya kwanza, kilowati-saa 93, ina uzito wa kilo 630 hivi, na nishati yake ni sawa na lita 10 za petroli. Kweli mota hupoteza kidogo tu, injini inatupa zaidi ya nusu kwenye joto, lakini kilo 630 ni watu tisa wazima wamelala chini ya sakafu. Wape kona, wape breki, wape mashimo ya barabara zetu, halafu uniulize kwa nini tairi na bushi zinaisha. Atakayepunguza uzito huo ndiye atakayetengeneza gari la mbio la umeme ambalo nitalitamani. Nguvu farasi wanishushie hata nusu.

Halafu kuna jambo ambalo Ulaya hawaliulizi. Sisi tunapokea gari likiwa na miaka minane, kumi, kumi na mbili. Sheria ya Uganda ya 2018 inakataza kuingiza lililotimiza miaka 15, kwa hiyo Taycan za 2019 bado zina muda wa kushuka Mombasa na kupita Malaba. Zimeanguka bei vibaya kwenye soko la mtumba, na kuna watu wananipigia simu wakiwa na picha za minada. Umeme wenyewe tunao, mwingi wake wa maji ya Nile, na bwawa la Karuma limeongeza megawati 600. Ila soketi ya nyumbani inatoa kilowati 3 hivi. Gawanya 93 kwa 3 upate saa za kuchaji.

Mwaka jana Haji mmoja aliniletea gari la kifahari, haibridi, yaani lenye injini na mota ya umeme pamoja, sitalitaja jina. Taa ya betri imewaka, gari limegoma. Nikavaa glavu za raba, nikachomoa plagi ya usalama, nikasubiri dakika 10 kapasita zijimwage, nikapima kwenye nyaya za rangi ya chungwa mpaka mita iliposoma sifuri. Hapo ndipo nilipoufungua mfuniko. Seli baada ya seli: volti 3.6, 3.6, 3.6, halafu moja 2.9.

“Haji, betri ni nzima. Kuna seli moja tu imelala.”

“Seli moja inanilaza gari zima, fundi?”

Tulipata moduli nzima, yaani fungu la seli, kutoka gari lililogongwa. Nikaisawazisha volti na wenzake, nikafunga kila boliti kwa kipimo chake. Gari likaikataa. Kompyuta iliiona namba ngeni, ikataka kibali kutoka kwa seva ya kiwandani, na seva haimtambui mtu wa Ndeeba. Piston hata ikiwa ya kuchongwa Katwe, mtaa wetu wa mafundi vyuma, haiulizwi kitambulisho. Kwangu mimi hapa ndipo anasa ya kesho itakapopimwa: gari likifika mkono wa tatu, litakubali kuguswa?

Haji alikuja kila Ijumaa baada ya sala kuliangalia. Ijumaa moja tumekaa nje, bodaboda ya umeme ikasimama kwenye kituo cha betri ng'ambo ya barabara. Kijana akainua kiti, akachomoa betri iliyokwisha, akachomeka iliyojaa, akaondoka hata kabla chai yetu haijapoa.

Haji akaiangalia mpaka ikapotea, kisha akanigeukia. “Kwani betri ya kwangu haitoki hivyo?”

Yake ina kilo zaidi ya 100 na imefungwa kwa boliti chini ya buti. Nikamwongezea chai.