Kupimwa na mashine kiwandani si kinga ya kuharibika

Wengi huamini kuwa simu au redio iliyopimwa na mashine kiwandani haiwezi kufa mapema. Ikizima baada ya wiki mbili, basi ni feki. Imani hiyo inaeleweka, maana mashine hizo ni makini kweli. Sindano nyingi ndogo zenye springi hugusa sehemu maalumu za saketi, umeme hupitishwa, na baada ya muda mfupi kompyuta huamua: imefaulu au imefeli.

Ila kinachopimwa ni hali ya saketi wakati ule tu. Lehemu yenye ufa mwembamba inaweza kupitisha umeme vizuri siku hiyo, kisha ikaachia kwa joto na mitikisiko ya matumizi. Ndiyo maana baadhi ya vifaa huwashwa kwanza kwa saa nyingi kwenye joto kali kabla ya kuuzwa. Si vyote, kwa sababu ya gharama. Waranti ipo kwa ajili ya vifaa vyenye kasoro vinavyopenya.

Ukishuku simu yako ni feki, bonyeza *#06# ulinganishe namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, rudi dukani na risiti. Zikilingana, usihitimishe bado: namba hunakiliwa.