Maji ya chumvi na maji magumu: kuchagua kilainisha maji cha gari la kusafishia mazulia

Muulize mtu wa Kisauni au Likoni maji ya kisima chao yakoje, atakujibu: "Ya chumvi." Ndoo ikikauka na kuacha weupe, ni chumvi. Sabuni ikikataa kutoa povu, ni chumvi. Birika likifanya ukoko ndani, ni chumvi vilevile. Sisi wa Mombasa tuna maji ya aina mbili, matamu na ya chumvi, na kwa anayetafuta ya kunywa mgawanyo huo unatosha. Kwa anayesafisha mazulia hautoshi, na mimi nilipoteza hita ya mashine kabla sijalielewa jambo hili.

Nyuma ya gari langu nimefunga tangi la lita 300, pampu, hita na mashine ya kunyonya. Maji ya moto yenye dawa ya kusafishia hunyunyizwa ndani ya nyuzi za zulia, kisha mashine huyavuta papo hapo pamoja na uchafu. Mwaka wa pili wa kazi hita ilianza kuchelewa kupasha, halafu mnyunyizo ukawa dhaifu. Fundi alipokata bomba la ndani la hita, tundu lililokuwa na upana wa kidole lilikuwa limebaki la kupitisha njiti ya kiberiti. Kilichojaa humo hakikuwa chumvi. Nilikidondoshea siki kikatoa mapovu. Ilikuwa chokaa.

Chokaa hiyo inatoka chini ya miguu yetu. Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, jiwe lile lile ambalo wazee walilichoma kwenye tanuri wakapata chokaa ya kujengea nyumba za Mji wa Kale, na ambalo kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kulichoma mwaka 1954. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo huchukua kaboni dioksaidi, inakuwa na ukali kidogo, na ukali huo huyeyusha jiwe polepole. Maji yanayofika kisimani yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Hayo ndiyo maji magumu. Ukiyapasha moto, ile kaboni dioksaidi hutoka, na jiwe lililoyeyuka hurudi kuwa jiwe, mara nyingi pale penye joto kali zaidi, yaani ndani ya hita.

Chumvi ni habari nyingine. Ni sodiamu na kloridi, na kwenye visima vyetu mara nyingi hutoka baharini, hasa kisima kikiwa karibu na ufuo au kikivutwa kupita kiasi hadi maji ya bahari yakasogea. Kisima kimoja chaweza kuwa na ugumu bila chumvi nyingi, kingine kikawa na vyote viwili.

Kwenye zulia vitu hivi viwili huumiza kwa njia tofauti. Maji magumu hula dawa. Sehemu ya dawa uliyopima hufungwa na kalsiamu kabla haijagusa uchafu, kwa hiyo unaongeza, na ile ya ziada inabaki kwenye nyuzi ikinata vumbi. Ukitumia dawa ya unga yenye magadi, maji ya tangini yanageuka meupe kama maziwa na unga mweupe unaziba vitundu vya kunyunyizia. Mama mmoja wa Nyali alinipigia simu siku mbili baada ya kazi: "Mwanangu, zulia limekuwa gumu kama mkeka mpya." Nilirudi nikalisuuza bure kwa maji matamu ya mtungi, na likalainika.

Chumvi nayo huzuia zulia kukauka. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta unyevu wa hewa unyevu huo ukipita asilimia 75 hivi, na Mombasa asubuhi nyingi hufika hapo, hasa msimu wa masika. Zulia lililosuuzwa kwa maji ya chumvi hukauka mchana wa jua, na alfajiri unalikuta lina majimaji. Msikitini, ambako watu huweka paji la uso juu ya zulia hilo, hili halivumiliki.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu kosa langu kubwa lilianzia hapo. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea aliniambia kilainisha maji kitaondoa chumvi yote. Nilinunua, nikafunga, nikaonja. Chumvi ilikuwa pale pale, na isingeweza kuwa vingine. Ndani ya silinda ya kilainisha maji kuna resini, punje ndogo kama mayai ya samaki, zilizoshika sodiamu. Maji magumu yakipita, punje hukamata kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu mahali pake. Ni kubadilishana tu, hakuna kinachopungua. Kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa, maji hupata miligramu 46 za sodiamu. Hita inapona, dawa inafanya kazi, lakini kama kisima chako kimeingiliwa na bahari, utakuwa na maji laini ya chumvi.

Kwa hiyo anza kwa kupima, na upime vitu viwili. Ugumu hupimwa kwa dawa ya matone: unaweka maji kwenye kichupa, unadondosha ukihesabu, na rangi inapogeuka kutoka nyekundu ya zambarau hadi buluu unazidisha hesabu ya matone kama karatasi ya maelezo inavyosema. Jibu linakuja kwa miligramu kwa lita. Chini ya 60 ni maji laini, 60 hadi 120 ni ya wastani, hadi 180 ni magumu, na zaidi ya hapo ni magumu sana. Kisima cha yadi yangu ni 380.

Kitu cha pili ni kalamu ya TDS, inayopima jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kalamu haijui kalsiamu ni ipi na sodiamu ni ipi, ndiyo maana huwezi kuitumia kujua kama kilainisha maji kinafanya kazi. Kabla na baada, namba hubaki karibu ile ile. Nimewahi kuitwa na wenzangu wawili walioamini resini yao imekufa kwa sababu kalamu haikushuka, na zote mbili zilikuwa nzima. Kalamu inasaidia pale unapoilinganisha na matone. Ugumu ukiwa 380 na kalamu ikisoma 700, shida yako kubwa ni chokaa, na kilainisha maji ndicho dawa yake. Ugumu ukiwa 400 na kalamu ikisoma 2,500, sehemu kubwa ni chumvi, na pesa zako ziende kwenye maji mengine. Tena chumvi ikiwa nyingi hivyo, sodiamu iliyojaa majini huipinga resini, na ugumu hupenya hata silinda ikiwa mpya.

Usidhani maji ya mfereji ni ya namna moja. Mombasa hupokea maji kutoka chemchemi za Mzima, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere na visima vya Tiwi. Wiki hii na wiki ijayo si lazima yawe yale yale. Pima.

Sasa ukubwa. Hapa wauzaji wengi hutaja namba ya Kimarekani iliyoandikwa kwenye boksi, "grain 16,000" au "32,000", na mteja anaondoka akiwa haelewi amenunua nini. Zidisha namba hiyo kwa 0.065 upate gramu za ugumu zitakazokamatwa kabla resini haijahitaji kuoshwa kwa maji ya chumvi, yanayoirudishia sodiamu yake. Grain 16,000 ni kama gramu 1,040. Namba hiyo lakini ni ya resini iliyooshwa kwa chumvi nyingi kupita kiasi. Lita moja ya resini ikioshwa kwa gramu 100 hivi za chumvi hukamata karibu gramu 45 za ugumu. Ukiipa gramu 240, hukamata karibu 68. Chumvi zaidi ya mara mbili, kazi imeongezeka nusu tu. Mimi hupiga hesabu kwa gramu 45, na boksi nalihesabu kwa theluthi mbili ya linachosema.

Hesabu ya kwangu ilikuwa hivi. Natumia lita 450 kwa siku ya kawaida. Mara 380 ni miligramu 171,000, yaani gramu 171 kwa siku. Silinda yenye lita 12 za resini, kwa gramu 45 kila lita, inakamata 540. Siku tatu kamili, kisha naiosha kwa kilo moja na robo ya chumvi. Ningechukua ya lita 5 ningekuwa naosha karibu kila jioni, na najijua, jioni nimechoka. Siku moja ningeacha.

Jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi lolote nililoliona ni mwendo wa maji. Resini inahitaji muda wa kukutana na maji. Kanuni ninayofuata ni lita 40 kwa saa kwa kila lita ya resini, usizidishe. Lita 12 ni 480 kwa saa, sawa na lita 8 kwa dakika. Koki ikifunguliwa yote mpira wangu hutoa zaidi ya mara mbili ya hapo, na matone huonyesha ugumu umepenya. Unaona maji yanatoka, unadhani yamelainishwa, kumbe nusu yamepita tu.

Ndiyo sababu silinda yangu haipandi garini. Imesimama yadini, na usiku maji hupita taratibu kwenda kwenye tangi la lita 500 lenye boya la kufunga. Asubuhi nalijaza gari kwa dakika chache. Tangi la gari ni lita 300 tu, kwa hiyo mchana narudi kujaza mara ya pili. Faida yake ni kubwa kuliko usumbufu: gari halibebi uzito wa ziada, na sitegemei koki ya mteja ambayo sijui nyuma yake kuna mfereji, boza au tangi la juu ya paa lenye mchanga. Wako wenzetu wa nje wanaounganisha gari moja kwa moja kwenye koki ya nyumba, kwa hiyo wakihitaji kulainisha maji, silinda hukaa ndani ya gari. Nawe ukifanya kazi hivyo, ifunge wima kwa mikanda ya chuma, weka chujio la mashapo mbele yake, na weka valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma ili dawa yako isije kuingia kwenye bomba la mteja. Iwe kabla ya hita daima. Silinda hizi nyingi hazikuundwa kwa maji ya moto.

Nilichagua ya kuoshwa kwa mkono, isiyo na kompyuta wala saa ya umeme. Nayeyusha chumvi kwenye ndoo ya lita 20, kiasi kisichozidi kilo mbili, napitisha polepole kwa nusu saa, kisha nasuuza hadi matone yaonyeshe maji laini na ulimi usisikie chumvi zaidi ya ile ya kisima. Maji hayo hayafai kumwagwa kwenye mimea, yapeleke kwenye mtaro. Chumvi yoyote safi inafaa. Yetu ya pwani, ile ya Gongoni na Ngomeni, ni nzuri ikiwa imeoshwa. Ile ya mawe isiyooshwa huja na mchanga na magnesiamu, na magnesiamu ndiyo unayojaribu kuiondoa. Kama kisima chako kinaacha madoa ya kutu kwenye ndoo, shughulikia chuma kwanza, maana hufunika punje na kuzichosha mapema.

Kuhusu sumaku za kufunga kwenye bomba, zinazouzwa kama kilainisha maji: nimejaribu moja kwa miezi minne na matone hayakubadilika hata kidogo. Vile vikopo vya fosfeti vinavyofungwa njiani mwa maji ni bora kidogo, hupunguza ukoko kwenye joto la wastani, lakini maji hubaki magumu na dawa inaendelea kuliwa. Kwa mwenye hita kali havitoshi.

Na kisima cha chumvi? Mitambo ya kuondoa chumvi ipo, lakini humwaga maji mengi ili kupata machache, na sioni mahali pake kwenye kazi ya gari moja. Mimi hutumia maji ya yadi, yaliyolainishwa, kwa kunyunyiza dawa na kuvuta uchafu. Duru ya mwisho ya kusuuza, nikiwa eneo ambalo kalamu imenitisha, nanunua maji matamu kwa wenye mikokoteni. Mwezi wa Shaabani, misikiti yote inapotaka mazulia yawe tayari kabla ya Ramadhani, matumizi yangu hupanda hadi lita 900 kwa siku, na silinda ile ile ya lita 12 haifiki hata siku mbili. Mwezi huo naiosha kila usiku baada ya Isha, na mitungi 15 ya maji matamu inakuwa imepangwa ukutani kabla sijalala.