Kuokoka sio kunyoosha mkono tu pale Furahisha

Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na kila kona ni "Bwana asifiwe", wabebaji, madalali, sisi wamama wa dagaa, wote. Alafu mtu huyo huyo mnaabudu nae Jumapili anakuuzia gunia ambalo chini ni mchanga, imenitokea, na iliniuma kuliko hasara yenyewe. Ndo maana naandika, kuna mambo tunaaminishana kuhusu kuokoka ukifungua Biblia huyakuti.

"Mi nishaongozwa sala ya toba, nishamaliza"

Hii ndo kubwa kuliko zote. Mkutano wa injili ukija viwanja vya Furahisha hapa Mwanza watu wanaitwa mbele, wanafuatisha maneno ya mhubiri, wanaandikwa majina, basi washaokoka. Sisemi ile sala ni mbaya, wengi walianzia pale na wamesimama mpaka leo. Ila Yesu hakuna mahali alimfuatishia mtu sala ya namna hiyo, na huo utaratibu wa kuita watu mbele ulienezwa sana na mhubiri Charles Finney kule Marekani miaka ya 1830, yani juzi tu. Yesu alisema "nifuate". Na Luka 14 umati ulipokuwa mkubwa nyuma yake aligeuka akawaambia wapige kwanza hesabu, kama mtu anayetaka kujenga mnara, maana asiyebeba msalaba wake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Neno "Mkristo" kwenye Agano Jipya lipo mara 3 tu, "mwanafunzi" ndo limejaa Injili zote na Matendo, hata wale wa Antiokia walioitwa Wakristo mara ya kwanza walikuwa tayari ni wanafunzi.

Mwangalie Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru. Hakuna aliyemdai kitu siku ile, kasimama mwenyewe kasema nusu ya mali kwa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Kwa hapa Mwaloni maana yake lile debe la kupimia lililobondwa kitako ili lipunje unalitupa, na yule mteja wa Geita uliyempunja unamtafuta. Wazee wa Uamsho, ule wa Wakristo ulioanzia Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Uganda ukafika mpaka kwetu, walijulikana kwa hilo hilo, mtu akiokoka anarudisha alichoiba, analipa madeni, anaungama mbele za watu. Neno mlokole limetoka kwao, ni la Kiganda, na lilikuwa na uzito jamani.

"Anatoa mapepo, huyo ni wa Mungu"

Soma Mathayo 7. Wale waliosema "Bwana, Bwana" walikuwa wametoa unabii na kutoa pepo, na Yesu hakuwabishia kwamba hawakufanya, aliwaambia sikuwajua ninyi kamwe. Yuda aliyemsaliti nae alikuwepo kwenye wale 12 waliopewa amri juu ya pepo wachafu.

"Kwahiyo tunaokolewa kwa matendo"

Hapana. Efeso 2 inasema ni kwa neema, sema watu wanaishia mstari wa 9, wa 10 unaosema tuliumbwa tutende matendo mema hawaufiki.

"Tuwatoe wanafiki wote kanisani"

Yesu alifananisha ufalme na juya, wavu wa kukokota, sisi huku tungesema kokoro, linazoa samaki wa kila aina na kuchambua ni mpaka livutwe ufukweni. Na wanaochambua ni malaika, sio kamati ya wazee.

"Aliyeanguka alikuwa feki toka mwanzo"

Hapa naomba tusikimbilie kuhukumu. Petro alimkana Yesu mara 3 akiota moto wa makaa kwenye baraza ya kuhani mkuu, alafu akatoka akalia kwa uchungu. Siku zikapita, wamekesha ziwani Tiberia usiku mzima hawajapata kitu, na anayevua anajua asubuhi ya hivyo ilivyo, wanafika nchi kavu wanamkuta Yesu kawasha moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Wakala kwanza. Ndo akamuuliza Petro mara 3 kama anampenda, na alipomaliza akamwambia neno lile lile alilomwitia siku ya kwanza kwenye nyavu: nifuate.