Fungua maji kwanza, miche baadaye

Katika mabwawa ya chumvi na ya kufugia kamba yaliyoachwa pwani yetu, mikoko mara nyingi haikukosa mbegu. Ilikosa maji yanayoingia na kutoka. Tuta la bwawa likishazuia bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, udongo ama unakauka na kujaa chumvi, ama unabaki chini ya maji yaliyotuama. Ukipanda humo kwa nafasi ya mita moja kwa moja, unapoteza miche 10,000 kwa kila hekta. Inaniuma kuona fedha za miche zikipatikana upesi kuliko fedha za kupima usawa wa ardhi.

Na usawa ndio kila kitu. Mtaalamu wa misitu Watson, alipopanga mikoko ya Malaya (sasa sehemu ya Malaysia) mwaka 1928, aliigawa kwa madaraja kufuatana na maji hufunika ardhi mara ngapi kwa mwezi: daraja lake la tatu ni mara 20 hadi 45, la nne ni mara 2 hadi 20. Kwetu, kati ya aina za mikoko, mlilana hutangulia baharini, nyuma yake mkoko wenyewe, kisha mkandaa. Mchu hukaa mbele na pia nyuma kabisa, karibu na nchi kavu. Kwenye uwanda wa nyuma, tofauti ya sentimita kumi tu hubadili kabisa idadi ya siku za kufunikwa.

Kwa hiyo anza kwenye msitu mzima wa jirani. Pima kimo cha ardhi chini ya kila aina ya mti, kisha uhamishe vipimo hadi ndani ya bwawa kwa mpira mwangavu wa maji, ule wa mafundi ujenzi. Toa viputo vyote vya hewa, na mwishoni rudi kupima pale ulipoanzia. Vipimo visipokutana, rudia. Siku ya bamvua simika vigingi vilivyopakwa chaki ndani na nje ya tuta. Chaki ilipofutika ndipo maji yalipofika.

Tuta halibomolewi lote. Tafuta mikondo ya zamani kwenye picha za angani, au waulize wakata boriti na wavuvi wazee, kisha ukate hapo hapo. Chimba kuanzia ndani, ukamilishe upande wa bahari wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, ili mkondo usije kwa nguvu na kula kingo. Kitako cha mkato kishuke hadi sakafu ya mkondo wa zamani. Ukikiacha juu, umetengeneza kizingiti na maji ya bwawa hayatatoka yote. Udongo uliochimbwa utandaze chini, usiurundike kando, maana utakuwa tuta jipya. Tena udongo wa mikoko wenye salfaidi (madini ya salfa) ukikaa juani hutoa asidi inayoua miche.

Pima tena kwenye bamvua inayofuata. Vigingi vya ndani vikionyesha maji ya chini kuliko nje, au maji yakichelewa sana kutoka baada ya bahari kupwa, mkato ni mwembamba au haujashuka vya kutosha.

Ugumu mkubwa ni sakafu iliyodidimia. Bwawa la miaka mingi huwa chini kuliko msitu, na kulifungua pekee hakutoshi: linahitaji tope lije lijikusanye, jambo linalokwenda polepole. Uzio wa matawi unaopitisha maji husaidia tope kutulia, ila pale tu maji yanapoleta tope.

Nchini Kenya mikoko yote ni hifadhi ya serikali tangu 1932, basi kibali cha Huduma ya Misitu kitangulie jembe. Baada ya kufungua, acha mbegu zije zenyewe na maji. Panda tu kama miti mama iko mbali au kuna kitu kinachozizuia kufika.

Usisahau barabara ya upande wa bara. Kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, ikiwekwa juu kuliko sakafu ya mkondo huacha dimbwi nyuma yake, na mizizi ya mchu ya kupumulia ikifunikwa muda wote, mti hufa. Kitako cha bomba kikae chini kidogo ya sakafu, na mabomba yawe mengi kadiri ya mikondo iliyokatwa na barabara.