Je, Wajua? Silinda Moja Ikimisi, Taimingi Haina Hatia

Trekta kuukuu la kubeba miwa pande za Chemelil likianza kutetemeka na kutoa moshi mweupe, hakosekani mtu wa kusema, "Hiyo ni taimingi, zungusha pampu," yaani mafuta yanaingia kwenye silinda kwa wakati usiofaa. Nati zinalegezwa, pampu inasukumwa kidogo, mlio unabadilika, watu wanaridhika. Baada ya siku chache ugonjwa unarudi, mara nyingi ukiwa mbaya zaidi, kwa sababu pampu haikuwa na kosa tangu mwanzo. Sasa kuna makosa mawili badala ya moja.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni hubana hewa hadi ibaki sehemu moja ya 16, au hata ya 22 kwa injini kama Toyota 2L, na joto la hewa hiyo hupita nyuzi 500. Hapo ndipo injekta hupuliza mafuta. Lakini mafuta hayawaki papo hapo. Huchelewa kama milisekunde moja hivi. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, milisekunde moja ni digrii 9 za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ndiyo maana mafuta lazima yaanze kuingia kabla pistoni haijafika juu kabisa. Yakiwahi mno, mengi hurundikana kisha huwaka kwa mkupuo, na utasikia mlio mkali wa chuma kugonga. Yakichelewa, pistoni imeshaanza kushuka na hewa inapoa, hivyo sehemu ya mafuta hutoka mbichi: moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli, injini inachemka, na gari linakosa nguvu likipanda kutoka Ahero kwenda Kericho.

Tazama sasa pampu zenyewe. Ile ya CAV DPA kwenye Massey Ferguson nyingi zenye injini ya Perkins, au ile ya aina ya VE kwenye Toyota 2L na 3L, hulisha silinda zote kwa zamu kutoka kichwa kimoja. Taimingi ikihama, inahama kwa silinda zote. Kwa hiyo injini inayomisi silinda moja, yaani silinda hiyo haiwaki vizuri, inakwambia utafute kwingine: injekta, paipu yake, valvu, au mbano wa silinda hiyo.

Kuijua silinda yenyewe ni kazi ya dakika chache. Washa injini ikiwa baridi, iache dakika moja, kisha dondoshea maji kidogo kwenye manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) karibu na kila tundu. Mahali ambapo maji hayachemki ndipo penye silinda iliyolala. Thibitisha kwa spana. Pandisha mzunguko kidogo juu ya sailensi (mwendo wa injini isipokanyagwa), kama 900 hadi 1,000 kwa dakika, funika nati ya paipu kwenye injekta kwa kitambaa kizito, na uilegeze nusu mzunguko (kwenye Toyota nyingi ni spana ya 17). Mlio ukishuka, silinda hiyo inafanya kazi. Usipobadilika, umempata mwizi. Na kama injini inagonga, kisha mlio wa kugonga ukatoweka ulipolegeza nati moja tu, injekta ya hapo imekwama au inadondosha. Mlio wa kugonga wa taimingi hauondoki kwa nati moja.

Vaa miwani, wala usiweke kidole mbele ya mchirizi. Mafuta ya presha hutoboa ngozi na kuacha alama ndogo kama ya sindano, na mtu akipigwa hivyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama haumwi. Kwenye magari mapya ya komoni reli (injekta zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa) usithubutu kulegeza nati injini ikizunguka: presha yake hupita bar 1,000.

Hatua inayofuata haigharimu sana. Hamisha injekta ya silinda mbovu uipeleke kwenye silinda nzima, ukiweka washa mpya za shaba, kwa kuwa ya zamani ikirudishwa huvujisha mbano. Ugonjwa ukihama na injekta, peleka injekta kupimwa. Zinazopuliza moja kwa moja juu ya pistoni hufunguka kwa takriban bar 170 hadi 220; zenye chumba cha awali, kama za 2L, hufunguka kwa presha ya chini zaidi, bar mia moja na kitu. Ugonjwa ukibaki palepale, pima mbano kupitia tundu la hita plagi (kifaa cha kupasha silinda joto wakati wa kuwasha), injini ikiwa na moto. 2L au 3L nzima hufika karibu bar 30. Ikishuka chini ya 20, au silinda mbili zikipishana kwa zaidi ya bar 5, ni kazi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) au ringi za pistoni. Injini ikimisi mara tu baada ya kufunguliwa, kagua kwanza kama paipu zimerudishwa kwa mpangilio. Perkins na Toyota za silinda nne huwaka 1-3-4-2.

Silinda zote zikilalamika pamoja, hapo sasa tuzungumzie taimingi, ila bado usiguse nati za pampu. Pampu hizi zina kifaa cha kuwahisha mafuta chenyewe mzunguko unapopanda, nacho husukumwa na presha ya dizeli iliyo ndani ya pampu. Filta ikiziba au hewa ikiingia kwenye mpira uliopasuka, presha hiyo hushuka na taimingi huchelewa bila mtu kugusa chochote. Badilisha filta. Unga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, utazame mapovu. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa huleta matokeo hayo hayo kwa mwendo wa polepole, maana haina ulainishaji wa kutosha na hula vibao vya pampu ya ndani.

Pia usihukumu moshi bila kujua ulipo. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na moshi mweupe wa dakika mbili asubuhi ya Julai ni wa kawaida. Kisumu saa sita mchana si wa kawaida hata kidogo. Moshi mweusi kidogo Mau Summit, iliyo juu zaidi ya Nakuru, ni uhaba wa hewa.

Ikibidi kupima, leta silinda ya kwanza juu kabisa kwenye mbano na uangalie mistari iliyochongwa kwenye flanji ya pampu (ukingo unaofungwa kwenye injini) na kwenye injini. Ikipishana, piga alama ya rangi pale ilipo kwanza. Legeza nati za paipu na zinazoshika pampu ndipo uizungushe kwa mkono, si kwa nyundo. Kuzungusha mwili wa pampu kinyume cha mwendo wa shafti yake huwahisha, kuufuata huchelewesha. Pampu huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo milimita moja kwenye flanji ya kawaida ni kama digrii 2 za krenki. Sogeza nusu milimita, jaribu, rudia. Kama unahitaji zaidi ya milimita tatu, acha: huenda belti au gia imeruka jino.

Mistari ikilingana, filta ikiwa mpya, mapovu hayapo, na injini bado inachelewa, pampu iende kwenye benchi, mashine ya kupimia pampu. Waambie wapime presha ya ndani na mwendo wa kifaa cha kuwahisha, maana wengi hupima kiasi cha mafuta peke yake.