Postikadi za kale za reli za makorongoni: ni nini, na husomwaje

Postikadi ya reli ya korongoni ni kadi ya posta yenye picha ya njia ya reli inayopita kati ya milima iliyobanana, mto ukiwa chini au pembeni mwake. Nyingi tunazoziita za kale zilichapishwa kati ya mwaka 1898 na miaka ya 1950; hapa tunaangalia za Marekani na Kanada. Zilitumwa bila bahasha, kwa stempu ya bei nafuu, na mara nyingi mtumaji alikuwa abiria aliyepita mahali hapo kwa treni.

Mtu akizikuta kwenye sanduku la vitu vya zamani huziona kama picha za mandhari tu, akazipitisha haraka. Hapo anazidhulumu. Kila kadi ya aina hii ni tangazo la biashara, ni kumbukumbu ya kazi ya uhandisi, na ni barua ya mtu fulani, vyote kwenye kipande kimoja cha karatasi ngumu. Anayetaka kuielewa lazima asome pande zote mbili.

Kwanza, kwa nini reli na korongo vikutane? Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kirahisi, na treni nzito huanza kuhangaika hata kwenye mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100. Mto umeshaukata mlima kwa maelfu na maelfu ya miaka, na maji hushuka taratibu. Mhandisi anayeufuata mto anapata njia ambayo mlima wenyewe ungemnyima. Kampuni ya Western Pacific ilipopitisha reli yake kwenye korongo la mto Feather huko California, kazi iliyokamilika mwaka 1909, ilifanikiwa kuvuka milima ya Sierra Nevada kwa mwinuko usiozidi mita 1 kwa kila mita 100. Hakuna aliyekwenda kule kutafuta uzuri. Walitafuta njia ya kupitisha mizigo, uzuri wakaukuta huko huko.

Baadaye kampuni zikang'amua kwamba uzuri nao unauza tiketi. Denver & Rio Grande ya Colorado ilijinadi waziwazi kuwa ndiyo reli ya mandhari duniani, na mahali ilipojivunia kuliko pote ni Royal Gorge.

Royal Gorge ni korongo la mto Arkansas, karibu na mji wa Cañon City. Kuta zake za mwamba zinapanda zaidi ya mita 300, na mahali pembamba kabisa upana wa chini ni kama mita 9 tu, maji yakijaza nafasi yote. Mwaka 1878, fedha ilipokuwa ikichimbwa kwa wingi huko Leadville, mji wa milimani ambako njia ya korongo ilielekea, kampuni mbili zililitaka korongo hilo kwa wakati mmoja: Denver & Rio Grande na Santa Fe. Nafasi ilikuwa ya njia moja tu ya reli. Watu wenye bunduki waliwekwa kulinda, ngome ndogo za mawe zikajengwa juu ya njia, kesi ikafika hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi. Mwaka 1880 walipatana, na Denver & Rio Grande ikalipa dola milioni 1.8 kwa njia iliyokuwa imeshajengwa na mpinzani wake.

Katikati ya ugomvi huo, mwaka 1879, kulijengwa daraja linaloonekana kwenye kadi nyingi za Royal Gorge. Pale penye mita 9 hapakuwa na ukingo wa kulaza mataruma, kwa kuwa mwamba unashuka wima hadi majini. Mhandisi C. Shaler Smith alichukua mapau ya chuma, akayaegemeza kutoka ukuta mmoja hadi mwingine yakakutana juu kama kenchi za paa la nyumba, kisha upande mmoja wa njia ya reli akauning'iniza kwenye mapau hayo. Daraja lina urefu wa mita 53 hivi. Ajabu yake, ambayo kadi inaionyesha vizuri kuliko maelezo, ni kwamba halivuki mto. Linakwenda sambamba nao. Ukishika kadi ya daraja hilo, fuata reli kwa kidole: utaona ukingo wa kulia na wa kushoto haubadiliki, ni maji tu yanayopita chini ya njia.

Kwenye kadi nyingi za hapo treni imesimama na abiria wameshuka. Hilo halikupangwa kwa ajili ya kamera peke yake. Treni za abiria kweli zilikuwa zikisimama hapo kwa dakika chache watu washuke, wainue shingo na kutazama juu. Kituo kisicho na mji wala mzigo, kilichowekwa kwa sababu ya macho tu! Hiyo ndiyo biashara ya mandhari.

Sasa rangi. Picha za msingi zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mpigapicha William Henry Jackson aliifanyia kazi Denver & Rio Grande katika miaka ya 1880, na mwishoni mwa miaka ya 1890 akajiunga na kampuni ya uchapaji ya Detroit, akaja na maelfu ya negativu zake, yaani vioo vya picha ambavyo nakala hutolewa. Kampuni hiyo ilikuwa na kibali cha kutumia mbinu iliyobuniwa Uswisi, ambapo picha huhamishiwa kwenye mawe ya litografia (mawe bapa ya kuchapia), jiwe moja kwa kila rangi, kisha rangi hupangwa moja juu ya nyingine. Anayechagua wekundu wa mwamba au ukijani wa maji ni fundi wa kiwandani, na si lazima awe amefika Colorado. Ndiyo maana korongo moja unaweza kulikuta la kahawia kwenye kadi hii na la zambarau kwenye kadi ile. Wachapaji wengine walichukua picha ya mchana, wakaipaka buluu nzito, wakaongeza mwezi na taa kwenye madirisha ya mabehewa, wakaiuza kama picha ya usiku. Ukiziweka kadi hizo mbili pamoja, mawingu na moshi vinalingana kabisa. Siwalaumu sana, maana walikuwa wakiuza hamu ya safari. Ila asiyejua hilo atachukua rangi za kadi kama ushahidi, na zile si ushahidi wa rangi.

Biashara ilikuwa kubwa. Katika mwaka mmoja wa fedha ulioishia Juni 1908, posta ya Marekani ilipitisha postikadi zaidi ya milioni 677.

Kujua umri wa kadi, geuza nyuma. Sheria ya Marekani ya Mei 1898 iliruhusu kadi za wachapaji binafsi kutumwa kwa senti 1, sawa na kadi za serikali, na kadi za wakati huo zimeandikwa maneno yanayotaja sheria hiyo. Kuanzia mwishoni mwa 1901 yakaruhusiwa maneno mafupi ya "Post Card". Lakini nyuma iliendelea kuwa ya anwani peke yake, kwa hiyo mtumaji alijibanza kuandika mbele, kwenye ukanda mweupe chini ya picha au hata juu ya mbingu ya korongo. Tarehe 1 Machi 1907 ndipo nyuma ilipogawanywa kwa mstari: kushoto ujumbe, kulia anwani. Kadi yenye mstari huo kwa Marekani ni ya 1907 au baadaye. Uingereza ilitangulia, mwaka 1902.

Kadi zenye pambizo nyeupe kuzunguka picha kwa kawaida ni za 1915 hadi 1930. Zinazofuata zina karatasi iliyokandamizwa ikapata mistari midogo, ukiipapasa unahisi kitambaa cha kitani. Mchapaji mashuhuri wa hizo ni Curt Teich wa Chicago, na namba zake zinasaidia kweli: tarakimu ya mwanzo ni ya mwaka, na herufi A inayofuata humaanisha miaka ya 1930, B miaka ya 1940. Kadi yenye 5A-H kisha namba ni ya mwaka 1935. Muhuri wa posta hauaminiki kiasi hicho, kwa sababu kadi iliweza kukaa dukani miaka kadhaa kabla ya kununuliwa. Lakini muhuri una utamu wake: ukiona herufi R.P.O., ujue kadi ilipigwa muhuri ndani ya behewa la posta, treni ikiwa safarini, na majina yaliyo kwenye muhuri ni ya miji ya mwanzo na mwisho wa njia.

Picha yenyewe nayo hutaja tarehe. Mwaka 1929 lilijengwa daraja refu la kutalii juu kabisa ya Royal Gorge, takriban mita 291 kutoka mtoni. Likionekana kama uzi juu ya kadi, kadi hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, hata muuzaji aseme nini.

Kuna ambavyo kadi hazikuonyesha, na hapa ndipo mimi husisitiza zaidi. Chukua korongo la mto Fraser huko British Columbia, Kanada, lenye reli mbili, moja kila upande. Kadi zake zinaonyesha mahandaki, madaraja na maji ya povu. Maelfu ya vibarua wa Kichina walioipasua miamba hiyo katika miaka ya 1880, mamia yao wakafia kazini, huwaoni. Wala huoni kwamba vifusi na maporomoko yaliyotokana na ujenzi wa reli ya pili viliziba mto pale Hell's Gate, mahali pembamba pa korongo hilo, mwaka 1913 na 1914, samoni wakashindwa kupanda kwenda kutaga, na wenyeji wa mto huo waliowategemea samaki hao kwa vizazi wakapata hasara kubwa. Kadi ya Hell's Gate ya miaka ya baadaye ina maji mazuri sana. Inafaa isomwe pamoja na habari hiyo.

Kuzitazama hakuhitaji fedha. Maktaba ya Bunge la Marekani inahifadhi negativu na picha nyingine za vioo zaidi ya 25,000 za kampuni ya Detroit na imeziweka kwenye intaneti bure, na hazina ya Curt Teich iko Newberry Library, Chicago. Anayenunua awe na lenzi ya kukuza: kadi iliyochapwa kwa mashine huonyesha nukta ndogo ndogo, ilhali kadi iliyosafishwa moja kwa moja kutoka kwenye negativu haina nukta hata moja. Hizo za pili aghalabu zilitengenezwa chache, na mpigapicha wa mji mdogo aliyekuwa karibu na reli, kwa hiyo ndani yake utakuta vitu ambavyo kampuni isingevitangaza, kama treni iliyoanguka mtoni au vibarua wakiondoa theluji kwa koleo.