Mpira wa Nje Si Kinga ya Maji

Hapa Tanga, wengi wetu tunaobeba darubini kwenye boti za kwenda Kisiwa cha Toten huamini kwamba ile iliyovikwa mpira mzito haiingii maji. Sivyo. Mpira ule umewekwa ili darubini isiteleze mkononi na isiumie inapogongwa. Kinachozuia maji ni pete nyembamba za mpira zilizofichwa kwenye maungio, ambazo mnunuzi hawezi kuziona. Kwa hiyo soma kijitabu chake, utafute alama ya kiwango cha kuzuia maji: IPX4 maana yake inastahimili maji ya kurushiwa tu, ilhali IPX7 inastahimili kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30, tena katika maji yasiyo na chumvi. Gesi ya naitrojeni inayojazwa ndani ya baadhi ya darubini nayo si kinga ya maji; kazi yake ni kuzuia ukungu upande wa ndani wa lenzi.

Tafadhali usiijaribu kwa kuitumbukiza ndooni, kwani kama haikuzibwa, jaribio lenyewe ndilo litakaloiharibu. Niliwahi kuishika moja iliyoingia maji ya bahari: lenzi ilikuwa na utando mweupe wa chumvi ambao kitambaa hakikuweza kuufikia, kwa kuwa ulikuwa upande wa ndani.